Jasho ya Transpalette

Lubumbashi, Bel-Air, tarehe 25 Novemba 1991

Shemeki Mumba,

Salamu kwako na kwa Mama mukwe. Mugongo yake namna gani? Na mutoto wangu Keren, anakula muzuri? Mimi niko muzima. Nyumba iko. Siku ya pillage, ile ya kuiba mu muji nzima, bantu balipita ku mulango wangu, bakaangalia ndani, bakaenda. Hapakuwa kintu cha kubeba. Siku moja umaskini nao unasaidia.

Ku kazi haikuwa vile. Ile depot ya Kasereka, mufanyabiashara wa Butembo anauzisha samaki ya baridi, balibeba yote. Samaki, balance ya kupimia, mabati ya juu, hata milango. Mulango moja tu ulibakia, ule wa chuma wa chambre froide, chumba cha baridi, juu ya uzito wake. Na transpalette ilibakia, kale kagari ka batterie tunabebeaka palettes, zile mbao za kupangia samaki. Balisukuma, frein, ile breki, ilikuwa imekamata, bakaacha.

Sasa neno lenyewe. Lundi ingine ile, Jumatatu, samaki ya kwanza tangu pillage ilifika. Asubui niligeuza ufunguo ya transpalette ipate moto kidogo. Sikuikamata. Nilikuwa naenda kuvaa mabottes ya mpira. Ikatembea. Yenyewe. Metre mbili, na palette juu. Mwenzangu Chileshe alikuwa ameinama anafunga kiatu. Ilimupanda ku muguu. Vidole bitatu bilivunjika.

Kasereka anasema nilifanya kusudi. Anasema ni mimi nilionyesha bantu ba pillage njia, na sasa namalizia kilichobakia. Kila asubui anaomba Mungu mbele ya kufungua depot, na mbele ya amina anafungua jicho moja, ananiangalia. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Mashini ikitembea tena, kazi imekwisha. Alitaja na bajandarme, ba polisi.

Chileshe na bengine banasema ingine. Banasema ni bibi yangu, Agnès. Bibi amekufa, mwaka na miezi tisa, na familia yake haijamutosha bwana mu kilio, amalize matanga. Basi anamufuata ku kazi. Chileshe aliniambia, na muguu mu plâtre ya hospitali: "Bibi yako anasukuma muzuri kupita weye."

Fundi wa hii mashini, ule muzungu, alirudia kwabo. Hakuna mwengine. Weye ulitumika na ba-locomotive ya batterie mu mugodi. Sema nifanye nini.

Na sema lini mutakuya kunifunga ule ushanga mweupe ku mukono, nitoke mu kilio. Mama alisema Keren atarudi kwangu ile siku. Nangoja. Muntu bila kazi, na muzimu mugongoni, habamupe mutoto. Najua.

Donat

*

Kambove, 14 Desemba 1991

Shemeki Donat,

Barua yako Anselme, dereva wa camion, aliileta jana. Ilifika imefunguka. Ao ni yee, ao weye haukuitiya gundi. Mara ingine tiya gundi.

Mama anakusalimia. Mugongo ni ile ile. Keren iko muzuri, anasoma. Anasema umuletee samaki. Nilimwambia samaki ya Lubumbashi inavunja bantu miguu.

Mashini haina muzimu. Mu mugodi tulitumika mu mayi mpaka ku magoti, na bafu, bantu balikufa kule chini, ni bengi. Hata mumoja hakusukuma locomotive. Kwa hiyo waambie ba Chileshe bamuache dada yangu alale.

Unijibu haya. Transpalette inalala wapi? Nani anaiosha, na anaosha na nini? Ile timon, njo mukono ya kuiongozea, ukiiachilia inapanda yenyewe? Lazima ipande, kuko ressort, springi, ndani. Ikipanda, frein inakamata. Njo maana ba pillage balishindwa kuisukuma. Yako ilitembea na hakuna muntu. Basi kuko kintu kilikuwa kinashika timon chini. Na kuko mayi mu kichwa ya timon, pale ku mabouton ya kuendeshea, inapitisha courant ya umeme sawa kidole ya muntu. Makosa mbili, mara moja. Moja peke yake haiwezi.

Na mukimaliza kazi, munaifunika? Na nini?

Juu ya kilio. Nasema wazi, usikasirike. Siku tuligawanya bintu bya Agnès, Mama alihesabu. Manguo, sufuria, kiti, byote bilikuya. Kintu kimoja hakikukuya. Mama anajua, na weye unajua. Muntu hatoke mu kilio na kintu cha mufu mu nyumba yake. Haikuwa sisi tunakukatalia.

Mumba

*

Lubumbashi, 22 Desemba 1991

Shemeki Mumba,

Nimetia gundi.

Noeli njema kwa Mama. Nimemupa Anselme samaki mbili mu barafu kwa Keren. Kama ilifika moja, ni Anselme.

Najibu. Transpalette inalala mu chambre froide. Tangu pillage njo mulango moja iko na kufuli. Asubui tunaitosha nje. Mangaribi tunaosha chini na tuyau, mupira ya mayi, maana mayi ya samaki iko chumvi na inanuka. Tuyau inapika mashini pia, inailowanisha. Mvua nayo inaingia, mabati hakuna. Batterie naitiya mayi ya barafu ile ya ku mabomba ya juu, nayeyusha mu ndoo safi. Eau distillée, mayi ya batterie yenyewe, haipatikane.

Timon inapanda yenyewe. Nilijaribu mbele ya Kasereka mara kumi. Inapanda. Frein inakamata. Kasereka alisema: "Ukiwa unaangaliwa inapanda."

Naifunika. Na kintu ya plastique.

Bintu bya Agnès nilileta byote.

Donat

*

Kambove, 11 Januari 1992

Shemeki Donat,

Mwaka mupya. Samaki ilifika moja. Anselme anasema ile ingine iliruka mu njia.

Mama alianguka ku mulango siku ya Noeli, lakini haikuvunjika kintu. Anakaa ku kiti, anauliza maneno yako kila siku. Keren iko muzuri.

Sasa sikia, nimeelewa nusu. Chuma ikilala mu baridi, ukiitosha nje ku moto inatoka jasho, sawa chupa ya bière. Jasho inaingia pale ku mabouton. Mayi ya tuyau inabeba chumvi ya samaki, na mayi ya chumvi inapitisha courant kupita mayi ya bomba. Njo kosa ya kwanza. Kosa ya pili bado siione.

Fanya hivi. Tosha fil, ile waya ya batterie, kwanza, usife. Fungua kichwa ya timon, skru ziko ine. Pangusa ndani na kitambaa kavu. Kama alcool hakuna, kamata lutuku, pombe kali ya kienyeji, lakini ile ya kwanza kutoka, ile ukiiwasha inawaka bleu. Pangusa kila kachuma mpaka ing'ae. Inayobakia umupe Chileshe. Halafu iache wazi ku jua siku moja nzima. Muntu yeyote asiipike tuyau tena. Baoshe na ndoo na kitambaa. Kama lazima ilale mu baridi, asubui itosheni, mungoje saa nzima mbele ya kugeuza ufunguo, ikauke yenyewe. Na timon iwe wazi. Hakuna kuifunika na plastique. Plastique inafunga jasho ndani.

Na uniambie: ile plastique ni sachet ya soko, ni bâche ya camion, ao ni kintu gani? Unaifunga namna gani pale chini? Nakuuliza mara ya pili.

Mama naye anakuuliza mara ya pili. Imperméable ya bleu ya Agnès, ile koti ya mvua alikuwa anavaa ku soko mvua ikinyesha, iko wapi? Alikulomba ile siku ya kugawanya, ulisema balikuibia ku kamba. Jirani yako Adolphine alimwambia Mama hakuna muntu aliibiwa ku kamba yenu.

Mumba

*

Lubumbashi, 26 Januari 1992

Shemeki Mumba,

Pole kwa Mama. Asisimame peke yake.

Nilifanya. Skru ziko tano, si ine. Ndani ilikuwa kijani, sawa mawe ya kwenu Kambove. Nilipangusa na lutuku. Kasereka aliona chupa, akasema sasa niko mulevi pia. Nikawasha kidogo ku kifuniko aone bleu. Akaenda zake.

Tuyau nimekataza. Siku ine ilikuwa muzuri. Inaenda, inasimama, inapanda. Chileshe mwenyewe aliiendesha na muguu moja. Siku ya tano mvua ya nguvu iliingia mu depot, na asubui, nikigeuza ufunguo, ikatembea tena. Nusu metre. Niliiruka. Ilipika ukuta. Kasereka hakuwa pale, lakini Chileshe alikuwa. Anasema atanyamaza. Sijue mpaka lini.

Sasa na mimi nauliza. Barua yako ya kwanza ilikuwa ku papier ya kampuni, na tampon, ile muhuri. Hii ya sasa ni papier ya cahier ya masomo, na pembeni kuko hesabu ya mutoto. Sita mara saba. Unasema Keren anasoma. Anasomea ku cahier gani, kama weye unapasua ma-papier yake? Anselme anasema atelier yenu ya kutengeneza mashini imefungwa. Anasema anakuona unakaa ku barabara. Fundi hana atelier ananifundisha mashini. Na mutoto wangu iko anafanya nini huko?

Munanishikia mutoto na hamuniambie kweli. Halafu munaniuliza juu ya nguo.

Donat

*

Kambove, 16 Februari 1992

Shemeki Donat,

Ulinipika sawa ngumi, na ulipika fasi yenyewe. Basi.

Atelier ilifungwa mu mwezi wa kumi na moja. Batterie zote zilikufa, na fasi ya kununua zingine hakuna. Barua ya kwanza niliandika ku papier ilibakia mu mufuko yangu. Masomo nayo yamefungwa, walimu habalipwe, hii ni mu inchi nzima, unajua. Keren haandike mu cahier yake tangu Noeli, njo maana nilipasua. Aliniambia nianzie nyuma, mbele iko na alama muzuri za mwalimu. Asubui anauzisha beignets, mandazi ya Mama, ku njia ya bachimba-mawe. Haingie mu mashimo. Naangalia. Njo kile nafanya ku barabara, Shemeki. Namuangalia.

Sikusema juu nilikuwa na haya. Ulitupatia mutoto juu sisi tulikuwa na mushahara na weye haukuwa na bibi. Sasa mushahara hakuna. Niliogopa utasema: leteni mutoto wangu. Na Mama alianza kulala muzuri tangu mutoto analala pembeni yake.

Nimesema. Sasa ni weye.

Ulisema timon inapanda mara kumi mbele ya Kasereka. Ulisema siku ine ilikuwa muzuri; zile siku haukuifunika. Siku ya tano, siku ya mvua, ikatembea. Nakuelewa kupita unavyofikiri. Mvua iliingia, ukaona huruma, ukaifunika tena. Na ile kintu unaifunga chini, kwa nguvu, upepo usiibebe. Njo inashika timon. Timon haipande, frein haikamate. Jasho inafanya kazi ya kidole. Weye unageuza ufunguo mbele ya kufungua. Mashini inaenda.

Sachet haiwezi kushika ressort ya timon. Kamba peke yake ungeniambia ni kamba. Ni kintu iko na fasi ya kufungia. Kintu muntu anaweza kuvalisha.

Sikumusomea Mama hii. Mara hii nataka unijibu mimi.

Mumba

*

Lubumbashi, 8 Marsi 1992

Shemeki Mumba,

Mama alale muzuri. Keren auzishe beignets, si haya. Mimi ku miaka yake nilibeba makala.

Ni imperméable ya Agnès.

Sikuibiwa. Nilificha. Siku ya kugawanya niliivaa ndani ya koti yangu, mbele yenu bote. Ulinisalimia mukono, nilikuwa nayo ku mwili. Nilitoa sufuria, nilitoa kitanda, sikuwaza. Ile sikuweza. Mu mufuko yake kulikuwa karatasi ya dispensaire, pale banatoa dawa, namba kumi na nane ya kungoja. Alingoja ile namba kutwa, mu mvua, habakumuita. Alikuya nyumbani na hii imperméable, akalala, mambo yakaisha. Sikutaka muntu mwengine avae.

Halafu mu depot mabati hakuna. Niliona kichwa ya mashini inalowana kila mangaribi. Hii mashini njo inanipa bukari, ugali yangu. Niliivalisha. Kola juu ya mabouton, mikono nilipitisha chini nikaifunga fundo mbili. Bengine baliona plastique tu. Nilikuwa naichunga. Kumbe njo niliifundisha kutembea. Nilimuvunja Chileshe vidole na mikono ya imperméable ya bibi yangu.

Mwisho wa mwezi wa pili ulipofika, Kasereka aliniita mbele ya bote. Bajandarme habakuwa, lakini kulikuwa muntu mupya mwenye mabottes mapya, njo angekamata fasi yangu. Nililomba dakika kumi. Nilitoa mashini mu baridi, na imperméable imefungwa juu. Nilisema musimame mbali. Niligeuza ufunguo. Ilitembea mpaka ku mulango. Bote baliruka, ule mupya njo aliruka mbali zaidi. Nikafungua fundo, nikatosha imperméable. Timon ikapanda, mashini ikasimama. Nikapangusa jasho, nikageuza ufunguo tena. Haikwenda. Nilifanya mara tatu.

Kasereka aliuliza: "Sasa ni nani alikuwa anaifunga?" Nikasema ni mimi. Akauliza juu ya nini sikusema tangu mwanzo. Nikasema ni nguo ya bibi yangu, nilikuwa na haya. Akasema: "Mashini yangu haikuwa mujane. Usiivalishe tena." Chileshe alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimulomba musamaha. Alisema atafikiri, kisha alilomba lutuku.

Kazi iko. Tangu ile siku haijatembea. Kasereka aliuliza nani alinifundisha. Nikasema shemeki yangu. Anauliza kama unajua na ma-compresseur, zile mashini za kutoa baridi. Sikujibu kwa fasi yako.

Imperméable iko na Anselme, mu mufuko ya sukari, nimeshona mudomo. Karatasi ya dispensaire iko ndani ya mufuko yake. Sikutosha. Mwambie Mama nilimudanganya, na nilimudanganya mbele ya bafu. Kama hatanitosha mu kilio, ni haki yake. Kama Keren atabakia, nitasikia.

Soma hii kwa Mama, yote.

Donat

*

Kambove, 29 Marsi 1992

Shemeki Donat,

Mufuko ulifika na mudomo umeshonwa. Anselme anasema ni mara ya kwanza muntu anamuogopa vile.

Nilisoma yote. Mama aliniambia nirudilie pale pa namba kumi na nane. Halafu alikamata imperméable, akageuza mufuko, akaona karatasi. Aliishika mpaka jua likaingia. Sikujua ile hadithi, Donat. Haukutuambia hata siku moja. Siku ya kilio tulikuuliza alikufa namna gani, ulisema: "Aliumwa." Sisi tulifikiri mengi. Mama alifikiri haukumupeleka ku dawa. Miaka mbili alifikiri vile. Sasa nakuambia, njo maana ya kweli tulichelewa. Imperméable ilikuwa neno ya kusema tu.

Mama hawezi kusafiri. Mimi naweza, lakini ile nauli ya camion inatosha muntu moja. Mama aliwaza siku mbili. Halafu alisema: "Keren ni damu ya Agnès. Mukono yake ni mukono yetu." Ushanga mweupe umefungwa ku kitambaa, Keren ameushika. Mama alimufundisha fundo na maneno. Yee njo atakufunga.

Na imperméable. Nilifikiri Mama ataiweka mu sanduku. Alisema: "Kuko mvua mu njia, na mutoto hana kintu." Alimuvalisha. Ni ndefu, inafika ku visigino, mikono tumeikunja mara tatu. Anselme atamuleta mu siku sita ao saba, mpaka ku mulango ya depot. Utamujua ku bleu.

Cahier yake anakuya nayo. Ma-papier ya nyuma hayapo, usimuulize.

Mwambie Kasereka compresseur najua. Si mingi, lakini kupita muzungu mwenye hayuko.

Mumba

*

Lubumbashi, 6 Aprili 1992

Shemeki Mumba,

Alifika samedi, Jumamosi, saa kumi. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa naendesha transpalette. Chileshe njo aliona kwanza. Aliona ile bleu inatembea mu mulango, peke yake, kichwa hakionekani mu kofia yake, akasimama na muguu yake mbaya akasema: "Donat. Donat, anakuya." Halafu Keren akatosha kofia, akamusalimia. Chileshe alikaa chini ku palette. Mpaka leo tunamucheka.

Nilizima mashini. Timon ilipanda. Halafu njo nilienda.

Amekuwa murefu. Ana sauti ya mama yake. Alinifunga ushanga pale pale, juu ya palette ya samaki, juu Mama alimwambia asingoje. Maneno alisahau nusu, akaanza tena mwanzo. Kasereka alitosha kofia yake, na mara hii alifunga macho yote mbili. Fundo ya Keren ni mbaya, inaniumiza mukono. Siifungue.

Kasereka anasema ukuye lundi ya kwanza ya mwezi wa tano. Kuya na Mama, tutamutafutia fasi mu camion mbele, karibu na Anselme. Nyumba iko na chumba.

Ku nyumba imperméable ilikuwa inatoka mayi. Keren alitaka kuikunja aiweke mu mufuko ya sukari. Nilimwambia hapana. Tumeitundika ku musumari nyuma ya mulango, vifungo wazi, mikono wazi. Ipumue.

Donat